Kumsaidia Jirani Aliyenaswa na Pombe na Kupoteza Makao

Hapa Kimulot, katika kaunti ya Bomet, mtu asiye na makao haonekani kwa urahisi kama anavyoonekana Nairobi. Huku ni mchumaji majani aliyeachishwa kazi kwenye shamba kubwa la chai, na nyumba ya kampuni ikaenda pamoja na kazi. Ni baba aliyeuza shamba kipande kwa kipande hadi ndugu zake wakamfukuza. Ni kijana anayelala kwenye kituo cha kupimia majani, asubuhi anaondoka kabla wakulima hawajafika na vikapu vyao. Ukiuliza chanzo, mara nyingi utasikia jibu moja: pombe.

Taifa zima lina tatizo hili. Utafiti wa NACADA, mamlaka ya serikali inayopambana na pombe na dawa za kulevya, uliofanywa mwaka 2022, ulionyesha kwamba mtu mmoja kati ya wanane wenye umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akitumia pombe. Sensa ya watu wanaoishi mitaani, iliyofanywa mwaka 2018, ilihesabu watu 46,639 nchini, na 15,337 kati yao walikuwa Nairobi. Baadhi ya walioko huko walitoka vijijini. Ukimsaidia jirani yako mapema, akiwa bado analala kwenye kituo cha majani, huenda hatafika huko kamwe.

Makala haya ni ya Mkristo wa kawaida: mama wa kanisa, mzee wa kanisa, kijana wa kwaya, mkulima wa chai. Huhitaji kuwa daktari wala mchungaji. Unahitaji kujua uanze wapi, umpeleke nani wapi, na itagharimu nini.

Je, hii ni dhambi au ni ugonjwa?

Makanisa mengi ya hapa kwetu, kuanzia Africa Gospel Church, yanafundisha waumini wasiguse pombe kabisa. Shikilia mafundisho yako. Lakini ujue pia kwamba Shirika la Afya Duniani linauhesabu uraibu kuwa ugonjwa. Uraibu ni hali ambapo mwili na akili vimezoea kileo kiasi kwamba mtu hawezi tena kuacha kwa kuamua tu, hata anapoona kinamharibia nyumba. Anayekunywa saa kumi na mbili asubuhi, mara nyingi hatafuti raha. Anatuliza mikono inayotetemeka.

Kwa hiyo usimwulize, "Huna aibu?" Aibu anayo, tena tele, na ndiyo inayomfanya aikwepe njia ya kanisani. Msamaria mwema wa Injili ya Luka hakumwuliza majeruhi kwa nini alipita barabara yenye wanyang'anyi. Alimfunga majeraha, akampandisha punda wake, akampeleka penye huduma, akalipa, kisha akaahidi kurudi. Mahubiri mengi huishia pale kwenye punda. Kwa mtu mwenye uraibu, sehemu iliyo ngumu na yenye kuponya ni ile ya kurudi.

Nimemkuta amelala njiani usiku. Nifanye nini?

Usipite. Kwetu usiku kuna baridi kali, na pombe humfanya mtu ahisi joto huku mwili wake ukipoteza joto haraka. Mtu anaweza kufa kwa baridi akiwa amelala kando ya mashamba ya chai.

Mwite kwa jina na umtikise bega. Angalia kama anapumua. Akiwa anapumua lakini haamki, mlaze ubavu, mdomo ukielekea chini kidogo, ili akitapika matapishi yasimzibe koo. Mfunike kwa blanketi au koti. Usimlazimishe kutapika, usimmwagie maji baridi na usimnyweshe chochote akiwa hajitambui. Kahawa nayo haiondoi pombe mwilini. Asiachwe peke yake.

Mpeleke hospitali mara moja akiwa haamki kabisa, anapumua polepole sana au kwa kukatika, midomo imebadilika rangi, ameumia kichwa, au amepata kifafa. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hata kama hana kitambulisho wala senti, ahudumiwe kwanza. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Kuna hatari nyingine ya kujua. Pombe haramu huweza kuwa na methanoli, kemikali ya viwandani inayofanana na pombe ya kunywa lakini ni sumu. Dalili zake huweza kuchelewa mpaka kesho yake: macho kuona ukungu, tumbo kuuma, kichwa kuuma sana, kupumua kwa nguvu. Mtu akikuambia haoni vizuri baada ya kunywa, usimwambie alale itaisha. Kila saa inayopita inaweza kumgharimu macho au uhai. Mwaka 2014 makumi ya watu walikufa kwa pombe ya namna hii katika kaunti kadhaa za Kenya, na wengine wakapofuka. Kama alikunywa na wenzake, watafuteni nao.

Nianzeje mazungumzo?

Zungumza naye asubuhi, kabla hajanywa sana, mkiwa wawili tu. Mwite kwa jina lake la heshima, arap Fulani au baba Fulani, kama ulivyomwita kabla hajaharibikiwa. Mpe chai na kitu cha kula kwanza; mwenye njaa hasikii ushauri.

Kisha uliza na usikilize. "Umelala wapi jana?" "Ni nini kinakusumbua zaidi sasa?" "Ungetaka nikusaidie nini?" Huenda atakuambia kidonda cha mguu kabla ya kutaja pombe. Anza na kidonda. Akikuona umetimiza neno dogo, atakuamini kwa kubwa. Akisema hayuko tayari kuacha, usiondoke kwa hasira. Mwambie siku utakayopita tena, na siku hiyo upite.

Aliyokuambia yabaki kwako. Usiyafanye ombi la maombi hadharani bila ruhusa yake.

Je, nimpe pesa?

Pesa taslimu kwa mtu ambaye mwili unadai pombe ni mtihani ambao hajaomba. Mpe unga, sabuni, gambuti, blanketi, nauli unayomlipa mwenye boda boda moja kwa moja. Lakini akikufanyia kibarua, mshahara ni haki yake. Usimzuilie malipo kwa kisingizio cha kumlinda. Mnaweza kukubaliana alipwe kwa M-Pesa badala ya mkononi jioni, au sehemu iwekwe kwa mtu anayemwamini yeye mwenyewe. Akikataa, mlipe.

Jihadharini hasa na msimu wa bonasi, kwa kawaida Oktoba, wakati wakulima wadogo wa viwanda vya chai vya KTDA wanapolipwa malipo ya pili. Pesa nyingi kwa siku moja huwarudisha wengi kwa mama pima, yaani muuzaji wa pombe haramu. Familia ikae chini mapema, Septemba, ipange karo, mbolea na deni la duka, na mwenye shida akubali mwenyewe nani atafuatana naye siku ya malipo.

Tumfungie ndani hadi pombe imtoke?

Hapana. Soma sehemu hii kwa makini, kwa sababu huruma isiyojua inaweza kuua. Mtu ambaye amekunywa kila siku kwa muda mrefu akikatiza ghafla, mwili hushtuka. Kutetemeka, jasho, kichefuchefu na wasiwasi huanza saa chache baada ya kinywaji cha mwisho. Kifafa huweza kutokea ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, wanaona vitu visivyokuwepo, homa inapanda na moyo unakwenda mbio. Hali hiyo huweza kuua asipotibiwa.

Kama anakunywa tangu asubuhi, au aliwahi kupata kifafa alipojaribu kuacha, aanze kuacha chini ya uangalizi wa hospitali. Huko atapewa dawa za kutuliza mwili kwa siku chache, pamoja na vitamini B1, ambayo walevi wa muda mrefu hupungukiwa nayo na ambayo inalinda ubongo. Kuisafisha pombe mwilini namna hii huchukua takriban wiki moja. Maombi yaendelee, tena kando ya kitanda. Lakini asiambiwe kwamba kumeza dawa ni kukosa imani.

Nimpeleke wapi?

Anza karibu. Tafuta mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, yule anayetembelea nyumba kwa nyumba. Huduma yao ni bure. Atawaelekeza kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho jirani, na huko mwombe barua ya rufaa, yaani barua inayomtuma mgonjwa hospitali kubwa. Kwa upande wa Bomet kuna hospitali ya kaunti ya Longisa, na hospitali ya misheni ya Tenwek, iliyo chini ya Africa Gospel Church na iliyoanza kama zahanati ndogo mwaka 1937. Kwa upande wa Kericho kuna AIC Litein, Kapkatet, na hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Kericho. Mkifika, ulizeni daktari au afisa wa afya ya akili. Kwa hali ngumu zaidi, hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret na ile ya Mathari jijini Nairobi zina huduma za uraibu.

Kama hujui pa kuanzia, piga 1192. Hii ni nambari ya NACADA, bila malipo, mchana na usiku. Wewe jirani pia unaweza kupiga na kuomba ushauri.

Vituo vya kurekebishia tabia, ambavyo wengi huviita rihabu, ni hatua nyingine. Mgonjwa hukaa huko mara nyingi miezi mitatu, akipata ushauri nasaha na ratiba ya maisha. Bei hutofautiana sana, kwa hiyo kabla ya kulipa uliza haya: Je, kituo kina kibali cha NACADA? Kuna muuguzi au daktari? Bei inajumuisha chakula, dawa na ushauri? Familia itaruhusiwa kumtembelea? Baada ya kutoka, atafuatiliwa na nani? Kituo kinachojisifu kuponya kwa wiki moja, au kinachofunga watu kwa minyororo, kiepukeni.

Itagharimu nini?

Kwanza mwandikishe SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyochukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF Oktoba 2024. Unapiga *147# kwenye simu, ukiwa na nambari ya kitambulisho. Kujiandikisha ni bure, na aliyeandikishwa hutibiwa bila kulipa kwenye zahanati na vituo vya afya vya umma. Ili alipiwe kulazwa hospitali, lazima mchango uwe umelipwa. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi kwa kaya, na asiye na ajira hulipa ya mwaka kwa pamoja, yaani shilingi 3,600 kwa kiwango hicho. Watu kumi na wawili wa jumuiya moja wakichanga shilingi 300 kila mmoja, mtu mmoja amepata mwaka mzima. Sijui sadaka iliyo bora kuliko hiyo. Mkifika hospitali, ulizeni ni huduma zipi za uraibu zinazolipiwa na SHA na zipi mtatoa mfukoni.

Wengi wamepoteza kitambulisho. Piga ripoti kituo cha polisi upewe taarifa ya maandishi, kisha nendeni ofisi ya usajili wa watu au Huduma Centre, iwe ya Bomet au ya Kericho. Ulizeni ada kabla ya kusafiri, na mfuatane naye. Peke yake, akiwa mchafu na mwenye hofu, ataishia langoni.

Atalala wapi?

Swali hili msiliache mwisho. Mtu anayetoka hospitali na kurudi kwenye kituo cha kupimia majani atakunywa wiki hiyo hiyo. Zungumzeni na familia kabla hajatoka. Mzee wa kijiji, mchungaji na mtu mmoja anayeheshimiwa na ndugu zake waende pamoja. Yale ya kokwet, yaani ya kijiji na baraza lake, yanamalizwa na kokwet. Semeni wazi ndugu wanaombwa nini: chumba kimoja, chakula, bila pombe nyumbani. Wapeni nao nafasi ya kusema walivyoumizwa. Kama mke au watoto walipigwa, asirudishwe nyumbani kwanza. Usalama wao unatangulia. Nambari 1195 ni ya dhuluma za kijinsia, na 116 ni ya watoto. Zote ni bure.

Familia ikikataa, kanisa likodi chumba sokoni kwa miezi mitatu, kodi ikilipwa moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Mwekeeni kitanda, jiko, sufuria na kufuli. Kuwa na ufunguo wako mwenyewe ni hatua kubwa ya kurudi kuwa mtu miongoni mwa watu.

Twawezaje kuzuia kabla nyumba haijapotea?

Kwa anayefanya kazi shamba kubwa: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu mwajiri kumfuta kazi mtu anayelewa akiwa kazini hadi asiweze kufanya kazi. Lakini sheria hiyo hiyo inataka aelezwe kosa na asikilizwe kwanza, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Akipata onyo la kwanza, mpeleke kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi wa mashamba, na muombe pamoja apewe likizo ya matibabu. Ni rahisi kuilinda kazi kuliko kutafuta nyumba baadaye.

Kwa mwenye shamba: ardhi ya kilimo haiuzwi kihalali bila idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na ardhi ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Mama akisikia mumewe anatafuta mnunuzi, amwarifu chifu mapema, kisha aende ofisi ya ardhi ya kaunti kuweka zuio, yaani tangazo kwenye sajili linalosimamisha uuzaji hadi asikilizwe. Na wewe unayepewa robo ekari kwa bei ya kutupa na mtu aliyelewa, kataa. Hiyo pia ni huruma.

Tumkumbuke naye mama anayepika chang'aa. Mara nyingi ni mjane anayetafuta karo. Polisi wakimwaga pipa leo, kesho ataliwasha tena kama hana njia nyingine. Kikundi cha kina mama kimwalike kwenye chama chao cha kukopeshana, wamsaidie kupata kuku, mboga au kibanda cha chakula.

Kanisa lifanye nini hasa?

Chagueni watu watatu kwa kila mgonjwa, wala msimwachie mmoja, atachoka. Mmoja ashughulikie hospitali na SHA, mmoja familia na makao, mmoja awe rafiki wa kila siku. Mpeni mgonjwa kazi ndogo yenye heshima, lakini msimsimamishe mbele kutoa ushuhuda baada ya wiki mbili za kutokunywa. Sifa za mapema humfanya aogope kuwaambia akiteleza.

Fungueni pia chumba kimoja jioni moja kwa wiki kwa ajili ya wanaotaka kuacha. Alcoholics Anonymous, ushirika wa walevi wanaosaidiana kuacha, ulianza Marekani mwaka 1935 kwa watu wawili tu waliokutana kuzungumza. Hauna ada. Ninyi pia mwaweza kuanza na wawili.

Na akirudia kunywa?

Wengi hurudia, hasa miezi ya kwanza. Kurudia si mwisho wa safari wala ushahidi kwamba mlidanganywa. Ila kuna hatari: mwili uliopumzika hauhimili tena kiasi kilekile cha zamani, kwa hiyo siku ya kuteleza mkaeni karibu. Kesho yake asubuhi ulizeni kilichotokea. Ilikuwa siku ya malipo? Msiba? Rafiki wa zamani? Kisha rekebisheni mpango na mrudi kituo cha afya.

Kwa ratiba, mtembeleeni kila siku wiki ya kwanza, mara tatu kwa wiki mwezi wa kwanza, na mara moja kwa wiki hadi mwaka uishe. Akizungumzia kufa au kutaka kujiua, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali, au pigeni 1199 ya Msalaba Mwekundu mpate mshauri bila malipo.

Wiki hii fanya mambo matatu. Andika nambari 1192 kwenye simu yako. Ulizia jina la mhudumu wa afya wa kijiji chenu. Kisha mtafute yule mtu mmoja unayemjua, ambaye umekuwa ukimpita, na umuulize amelala wapi. Akikufukuza, rudi Jumamosi.